Tusiibane Pumzi: Neno kwa Wanaotaka Kuzamia kwa Mtungi

Juma hili tunayaweka kando mambo tuliyozoea kuyatafakari hapa, tupate kuzungumza juu ya bahari. Tumeulizwa na baadhi ya wazazi ambao vijana wao wanajiandaa kwa safari ya likizo huko Unguja, na katika safari hiyo wameahidiwa kuzamia kwa mtungi wa hewa. Wazazi wanauliza kama jambo hilo ni salama. Vijana wanauliza kwa nini wazazi wanauliza. Pande zote mbili zinastahili jibu lililo pana kuliko "ndiyo" au "hapana", kwa maana mgeni wa kuzamia aliyefundishwa vema na kusimamiwa vema kwa kawaida hurudi nyumbani akiwa na hadithi nzuri, na yule asiyefundishwa aweza kuumia vibaya katika maji ambayo akisimama yanamfika kifuani.

Tuseme mapema kwamba kwa neno "mzamiaji" hatumkusudii kijana anayejificha ndani ya meli ili afike ng'ambo, ingawa wasomaji wetu wa Dar es Salaam watakuwa wamemwaza huyo kwanza. Twamkusudia avaaye miwani na mapezi, abebaye mtungi mgongoni na kupumua kwa kifaa alichokiuma mdomoni. Kifaa hicho kilipata umbo tunalolijua mwaka 1943 huko Ufaransa, Jacques Cousteau na mhandisi Émile Gagnan walipotengeneza valvu inayompa mtu hewa pale tu anapoivuta, tena kwa mgandamizo ulio sawa na ule wa maji yanayomzunguka. Maneno hayo ya mwisho yabeba faida yote ya chombo hiki, na hatari yake kubwa pia.

Twajua kwamba maji yana uzito. Mtu akishuka mita 10 baharini, mgandamizo unaomzunguka huwa mara mbili ya ule wa juu. Mvuvi wetu wa pwani anayepiga mbizi kwa pumzi zake mwenyewe huchukua hewa ya juu, akashuka nayo. Mapafu yake husinywa kadiri anavyokwenda chini, na arudipo hutanuka hadi ukubwa wake wa kwanza. Kwake yeye kubana pumzi ni ufundi, tena ufundi wa kuheshimiwa. Lakini mwenye mtungi huvuta hewa iliyokwisha kugandamizwa. Akiyajaza mapafu akiwa mita 10, kisha akaibana pumzi na kupanda, hewa ile hutaka nafasi mara mbili kabla hajafika juu. Mapafu hayana nafasi hiyo. Vifuko vyake hupasuka, viputo vya hewa huingia katika damu, na vikifika kwenye ubongo mtu huzimia au hupooza mara tu atokezapo juu ya maji. Madhara hayo yamekwisha kuwapata watu waliopanda kiasi cha mita moja na kidogo tu, ndani ya bwawa la kuogelea.

Hapo ndipo tunapotaka wasomaji wetu wasimame kidogo. Wengi hudhani kwamba kina kifupi ni salama na kina kirefu ndicho cha kuogopwa. Kwa upande wa mapafu, hesabu husema kinyume. Kutoka mita 40 hadi 30 mgandamizo hupungua kwa sehemu moja tu katika tano, lakini kutoka mita 10 hadi juu hupungua kwa nusu nzima. Mita za mwisho, zile ambazo mwanga umekwisha kuonekana na moyo umekwisha kutulia, ndizo zinazoyatanua mapafu kuliko zote. Na tena, kijana aliyezaliwa Bagamoyo au Lamu, ambaye tangu utotoni amesifiwa kwa kukaa chini ya maji muda mrefu, yumo hatarini pengine kuliko mgeni kutoka bara asiyejua hata kuelea, kwa sababu mwili wake umekwisha kufundishwa kwamba mambo yakiharibika, mtu hubana pumzi na kukimbilia juu. Yote mawili yampasa kuyasahau. Kanuni ya kwanza ya mwenye mtungi ni kupumua mfululizo, polepole, bila kukoma, hata kifaa kikimtoka mdomoni. Hapo hutoa viputo vidogo vidogo mpaka akirudishe.

Juu ya kukimbilia juu, kuna sababu ya pili. Sehemu kubwa ya hewa tunayoivuta ni nitrojeni, nayo chini ya mgandamizo huyeyuka ndani ya damu na nyama za mwili kama gesi iyeyukavyo ndani ya soda. Mtu akipanda pole, hutoka kwa njia ya mapafu bila fujo. Akipanda kwa kasi, hufanya kama chupa iliyofunguliwa ghafla. Mwaka 1908 mwanasayansi John Scott Haldane wa Uingereza, baada ya majaribio mengi juu ya mbuzi, alichapisha majedwali ya namna ya kupanda kwa vituo, na mafundisho ya leo yamejengwa juu ya kazi hiyo. Wakufunzi wengi leo huagiza kupanda kwa mwendo usiozidi mita 9 kwa dakika, na kungoja dakika 3 kwenye mita 5 kabla ya kutokeza. Dakika 3 za kuning'inia katika maji bila la kufanya huonekana ndefu mno kwa kijana. Na azingoje.

Lakini je, ni nini humfanya mtu aliyefundishwa haya yote akayasahau? Hofu, na hofu mara nyingi huletwa na hewa kwisha. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2008 na watafiti wa Divers Alert Network, shirika la usalama wa wazamiaji lililoanzishwa Marekani mwaka 1980, uliangalia vifo 947 vya wazamiaji wa burudani vya miaka 1992 hadi 2003. Pale ilipowezekana kujua jambo lililoanzisha msiba, la kwanza kwa wingi lilikuwa kupungukiwa hewa, asilimia 41. Si papa, wala si mkunga mwenye meno. Ni geji ambayo mtu hakuitazama. Mtungi hujazwa kwa kawaida hadi kipimo cha 200, na desturi njema ni kuwa umekwisha kurudi juu geji ikiwa bado yasoma 50. Jambo jingine la kusikitisha ni kwamba wazamiaji wengi waliofariki wamekutwa bado wamefunga mkanda wa vipande vya risasi kiunoni, mkanda unaofunguka kwa mkono mmoja. Mfa maji haachi kutapatapa, walisema wahenga, na atapatapaye hakumbuki kifungo. Ndiyo maana mkono hufundishwa mapema, ukarudia na kurudia, hata ufungue wenyewe.

Wahenga hao hao walimcheka mpiga mbizi nchi kavu, wakasema huchunuka uso. Katika kuzamia kwa mtungi tunathubutu kutokubaliana nao, maana nchi kavu ndipo pa kuanzia, kisha bwawa, kisha bahari. Mafunzo kamili ya awali huchukua siku tatu au nne, nayo humruhusu mtu kufika mita 18 akiwa na mwenzake. Yale ya kuonja tu, yanayouzwa kwa wageni wa siku moja, hayapaswi kupita mita 12, na mkufunzi lazima awe karibu kiasi cha kumshika mkono. Mtu akikuchukua ufukweni, akakuvisha mtungi na kukuambia utajifunza mkifika, mshukuru, urudi ukale madafu. Uliza ana cheti gani, uliza kama mashuani kuna oksijeni ya huduma ya kwanza, uliza chumba cha tiba ya mgandamizo kilicho karibu kiko wapi. Mkufunzi mzuri hachukii maswali hayo. Hewa ya mtungi nayo haina budi kuwa haina harufu wala ladha. Ikinuka moshi au mafuta, usishuke.

Uliza pia habari za mwezi. Watu wa pwani wajua tofauti ya bamvua na maji mafu, lakini vijana wa bara hawana habari kwamba siku za bamvua maji huenda kwa nguvu isiyoshindika kwa mapezi. Huko Mafia, kwenye mlango wa Kinasi wa ghuba ya Chole, wazamiaji huingia maji yanapojaa, kwa kuwa yanapotoka huweza kumchukua mtu hadi bahari kuu. Mgeni na aanze siku za maji mafu, mahali palipokingwa.

Tusije tukadhani kwamba mafunzo ni anasa ya watalii. Wapo wavuvi wa jongoo bahari wanaoshuka wakivuta hewa ya kompresa bila kufundishwa na mtu yeyote, na gharama ya jambo hilo imeonekana wazi kwingineko. Wazamiaji wa kamba wa kabila la Miskito, pwani ya Honduras, wamepooza kwa wingi kwa sababu ya kushuka mara nyingi kwa siku na kupanda haraka, kwa ujira wa waajiri. Mwaka 2021 shauri la wahanga 42 lilifika mwisho mbele ya Mahakama ya Haki za Binadamu ya Nchi za Amerika, na serikali yao ikakiri wajibu wake. Walikuwa waogeleaji hodari kuliko wengi wetu.

Limebaki la aibu, nalo twaliona zito kuliko ya vyombo. Kijana yuko mashuani na wenzake, ada imekwisha kulipwa, simu zimetayarishwa kwa picha, naye ana mafua. Pua iliyoziba haiwezi kusawazisha mgandamizo masikioni, na akilazimisha, ngoma ya sikio huchanika. Au ana pumu, na katika fomu ya afya ameandika kwamba hana, asije akabaguliwa. Au hana ugonjwa wowote, ila anaogopa. Kwa wazamiaji kuna sheria tunayoipenda sana: mtu yeyote, wakati wowote, aweza kusema kwamba anasitisha, na hakuna mwenye haki ya kumdai sababu. Chini ya maji husema hivyo kwa kuinua dole gumba, ishara ambayo kwetu maana yake ni "safi kabisa", na kule maana yake ni "tupande". Aliye salama huunganisha kidole cha shahada na dole gumba, akafanya duara. Wazazi, waulizeni watoto wenu ishara hizo kabla ya kutia sahihi. Na mwambieni kila mmoja wao, mbele ya wenzake, kwamba akibaki mashuani hatadaiwa fedha na hatachekwa nyumbani.

Mwisho ni safari ya kurudi. Nitrojeni haimaliziki mwilini siku hiyo hiyo, na hewa nyepesi ya juu huweza kuamsha viputo vilivyokwisha kutulia. Aliyezamia mara moja na asipande ndege kabla ya saa 12 kupita. Aliyezamia mara kadhaa, angalau saa 18. Wengi huijua kanuni ya ndege wakasahau milima: mwenye kutoka Tanga kwenda Lushoto, au Mombasa kwenda Nairobi, naye anapanda zaidi ya mita elfu moja. Maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu au uchovu usio wa kawaida ndani ya siku moja baada ya kuzamia si baridi yabisi wala si malaria mpaka daktari aseme hivyo, naye hawezi kusema sawasawa asipoambiwa kwamba mgonjwa alikuwa chini ya maji. Kwa hiyo tumewashauri wenye safari wazamie siku ya kwanza na ya pili, na ya tatu waiache kwa kutembea Mji Mkongwe. Tiketi za boti ya asubuhi waliyokuwa wamepanga bado zaweza kubadilishwa.