Soko la Krismasi la Wageni Mjini London

Msafiri afikaye Rotherhithe, kusini ya mto Thames mjini London, siku ya soko katika mwezi wa Novemba, huwakuta watu wamejaa tele katika makanisa mawili yaliyo jirani. Moja, la Mtakatifu Olav, lilifunguliwa mwaka 1927, nalo ni la watu wa Norwei. La pili, la mwaka 1958, ni la watu wa Ufini. Kila mwaka watu hao hufanya soko la Krismasi huko ugenini, na faida yake huyasaidia makanisa yao.

Juu ya meza huwekwa soksi za sufu, mishumaa, mikate myeusi, na mikate mitamu iliyotiwa iliki, kiungo kijulikanacho sana na watu wa pwani ya Afrika Mashariki.

Zamani meli zilileta mbao katika gati za Surrey, na baharia aliyekuwa mbali na kwao alipata hapo mahali pa kusali na kuzungumza kwa lugha yake. Wakati wa vita vya pili, Mfalme Haakon wa Saba mwenyewe alisali katika kanisa la Norwei.

Gati hizo zilifungwa mwaka 1970, na mabaharia wakatoweka. Lakini wanafunzi na wafanya kazi wakaja mahali pao, nao pia huitamani lugha ya kwao. Basi anunuaye mkate pale hanunui chakula tu. Huisaidia nyumba ile isimame, ili mgeni apate pa kuingia bila kubisha hodi.