Mwaka wa Kwanza wa Binti Yetu Katika Milima ya Gusii

Kutoka Mombasa hadi Kisii ni safari ya karibu kilomita 800. Ukishaipita Nairobi unateremka Bonde la Ufa, unaiacha Narok nyuma, kisha Bomet na Sotik. Ufikapo Keroka, mji uliokaa mpakani mwa kaunti za Kisii na Nyamira, jicho la mtu wa pwani hukosa pa kutua: vilima juu ya vilima, mashamba ya chai yaliyokatwa usawa kama zulia, na migomba iliyosonga hadi ukingoni mwa barabara. Tulifika huku mwezi wa Disemba kwa ajili ya kazi, na Januari kifungua mimba wetu akaingia Gredi ya 7.

Wenye watoto wa rika hilo wanaufahamu uzito wa hatua hii. Sekondari Msingi ilianza nchini mwetu Januari 2023, na madarasa yake, ya Gredi ya 7 hadi ya 9, yakawekwa katika shule za msingi. Kwa umbali, basi, mtoto haendi popote. Lakini kila kitu humbadilikia. Masomo huongezeka uzito, mwili wake unakua, na jicho la wenziwe humwuma kuliko fimbo. Binti yetu aliyapata hayo pamoja na baridi, mvua za alasiri, na lugha ya Ekegusii asiyoijua. Darasani mwake alikuwa Mwislamu peke yake.

Sisi wakubwa tuliipenda nchi hii upesi. Tulikwenda Tabaka kuwatazama mafundi wakichonga jiwe laini la sabuni hadi likawa bakuli na ndege. Tulipanda Manga, tukaliona bonde lote likiteremka kuelekea upande wa ziwa. Katika soko la Daraja Mbili tulizoea kununua ndizi kwa mkungu, na chinsaga, ile mboga chungu tuiitayo mgagani. Kila tulipomwuliza binti habari za shule, alijibu, "Njema." Nasi tukaridhika na jibu hilo.

Ramadhani iliangukia muhula wa kwanza. Usiku mmoja wa kumi la mwisho, baada ya tarawehe, alianza kulia. Alitwambia kwamba siku 6 alikula chakula cha mchana shuleni. Alikuwa ametimiza miaka 13 na saumu imemwajibikia, naye alilijua hilo vyema. Haikuwa njaa iliyomshinda. Alichoka kuulizwa kila siku kama ni mgonjwa, kama kwao hapana pesa, kama hata maji hayanywi. Siku aliyoichukua sahani, maswali yalikwisha. Na siku zilizofuata haikuwa vigumu tena.

Tuliona haya, kisha tukakasirika. Tukakata shauri kwamba muhula ukifungwa arudi Mombasa, akakae kwa bibi yake, asome kati ya watu wake. Tukampigia bibi kumpa habari. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Mmempeleka mtoto nchi ya watu. Ni yupi kati yenu aliyekwenda shuleni akamsemea?"

Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumelipa pesa za chakula cha mchana za muhula mzima, bila hata kumwarifu mwalimu kwamba mwezi ule mtoto hatakula. Sahani ile iliyokuwa ikimngoja kila siku tuliilipia sisi wenyewe.

Asubuhi yake tulikwenda. Mwalimu wa darasa, mama wa Kikristo mwenyeji wa Nyamira, alitutazama kwa mshangao. "Wazazi wangu, mbona hamkuniambia mapema?" Siku hiyo hiyo alilieleza darasa saumu ni nini, akampa binti nafasi katika chumba cha vitabu aswali Adhuhuri. Mtaala unamruhusu mwanafunzi kusoma Elimu ya Dini ya Kiislamu, lakini shule haikuwa na mwalimu wa somo hilo. Basi kila Jumamosi tukawa tunamteremsha Kisii mjini, msikitini, akasome kwa maalimu pamoja na watoto wa Waislamu wa mji ule.

Hatusemi kwamba mambo yote yalinyooka. Wapo waliomcheka kwa mtandio wake hata baadaye. Lakini muhula wa pili alirudi nyumbani na "Bwakire" mdomoni, na rafiki, binti wa mchuma chai, aliyemfundisha kukonyoa majani mawili na chipukizi lake. Naye akampelekea mahamri ya nyumbani.

Muhula wa tatu alizilipa siku zake 6, Jumatatu na Alhamisi, kwa wiki tatu. Hakuna aliyemsukuma. Rafiki yake alikuwa akimaliza chakula chake haraka, kisha akae naye chini ya mti mpaka kengele ilie. Na bibi, huko Mombasa, alifunga naye kila siku.

Jua la Kisii hutua nyuma ya jua la Mombasa kwa muda wa dakika 20 hivi. Bibi hufuturu kwanza, kwa kuwa kuharakisha futari ni Sunna, kisha hupiga simu na kukaa na mjukuu wake mpaka adhana ya huku ifike. Siku ya sita tuliwasikia wakizungumza jikoni. Bibi alimwuliza kama bado anataka kurudi pwani. Binti alinyamaza kidogo, akasema, "Nitakuja likizo, Bibi."

Tumemwacha abaki. Januari ataingia Gredi ya 8, na safari hii tutafika kwa mwalimu kabla ya kengele ya kwanza. Wazazi wenzetu mlio mbali na pwani, "njema" ya mtoto isiwatosheni. Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu popote walipo, na atupe sisi masikio ya kuwasikia. Amin.