Kubwaga na Kubeba

Jumamosi tulimpeleka baba Bagamoyo. Ni mwendo wa kilomita 70 hivi kutoka Kariakoo, lakini katika miaka yote aliyokuwa kuli bandarini hakupata kufika huko. Siku zake za mapumziko zilikwisha akiwa amelala kifudifudi, mgongo ukimuuma.

Ufukweni, karibu na soko la samaki, mwanangu akauliza maana ya jina la mji. Nikamweleza kama nilivyofundishwa: bwaga moyo, kilio cha mateka waliokata tamaa kabla ya kupakiwa majahazini. Wapo wasemao, nikaongeza upesi, kwamba ni faraja ya wapagazi waliotoka bara na pembe za ndovu, hapa wakazitua.

Baba akatikisa kichwa.

“Kubwaga ni neno la mwenye mzigo,” akasema. “Mtumwa angebwaga nini, naye mwenyewe ndiye mzigo?”

Mateka nao walibebeshwa pembe, najua, sikuthubutu kumwambia. Nilikumbuka tu kwamba hata Kariakoo, tulikotoka asubuhi ile, ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, kilichopita katika ndimi zetu kikasalia jina la soko. Nimezaliwa humo, na natunga mashairi. Sikuwahi kulisikia jina hilo likihema.

Jioni baba aliketi mchangani, ameegemea ngalawa. Mjukuu akamwomba ambebe mgongoni. Nikafungua kinywa nimkataze mtoto. Baba akaniwahi, akainama.