Kwa Ramani na kwa Miguu: Utah na Sweden

Marysvale, Utah. Pikipiki za magurudumu manne zimepangwa mbele ya mgahawa kama punda siku ya gulio, na hakuna anayezishangaa. Mji huu uko kwenye Njia ya Paiute, mzunguko wa takriban kilomita 440 ndani ya Msitu wa Taifa wa Fishlake na kandokando yake. Njia hupanda kupita mita 3,000, kisha hushuka mijini watu wakajaze mafuta na matumbo.

Si holela, lakini. Kwa kanuni ya mwaka 2005, misitu ya taifa Marekani hutoa ramani ya bure inayoonyesha njia zilizoruhusiwa vyombo vya moto. Isiyochorwa imefungwa, hata pasipo kibao. Kujua ni juu ya dereva. Zamani sehemu kubwa za misitu ziliachwa wazi, kila mtu akapita atakapo, na nyayo za magurudumu zikageuka njia. Ramani ikazifuta nyingi, na manung'uniko hayajaisha: msitu ni wa umma, kodi tunalipa, na mzee mwenye magoti mabovu atafikaje kileleni? Kiti cha walemavu kinaruhusiwa popote waendapo kwa miguu. Pikipiki haihesabiwi kiti.

Siwatwiki waendeshaji kila dhambi. Humu humu Fishlake umo Pando, mti mmoja wenye mashina yapata 47,000 juu ya mizizi ya pamoja. Barabara ya magari inaukata katikati, lakini adui wake mkubwa ni kulungu na ng'ombe wanaotafuna machipukizi.

Sweden mambo yamegeuzwa. Unatembea katika msitu wa mtu usiyemjua, unachuma matunda pori na uyoga, unalala usiku mmoja hemani, huulizwi tiketi. Ukiwasha injini, umekwama: sheria ya 1975 inakataza kuendesha kwa starehe nje ya barabara kwenye ardhi isiyo na theluji, nchi nzima. Theluji ikishiba, pikipiki za theluji hupita, mradi zisivunje miche. Mlemavu huweza kuomba kibali mkoani. Sheria safi, ila imetungwa na wenye miguu mizima.

Utah wanagombania kilomita, na naona kipimo chenyewe hakifai. Mwendeshaji anataka duara: mfungie kilomita tatu za kiungo na safari ya siku nzima imekufa, ingawa kwenye jedwali la ofisini amepoteza kidogo tu. Mtembeaji naye hanufaiki na njia yake kuwa ndefu ikiwa injini moja inalijaza bonde lote. Yeye hamsumbui mwenye pikipiki. Mwenye pikipiki anamsumbua, na kugawana nusu kwa nusu hakuondoi hilo. Ningekuwa mchora ramani, ningetenga mabonde mazima yasiyo na injini, kisha niwaachie waendeshaji mizunguko yao ikiwa kamili, bila kunyofoa kipande hapa na kipande pale.