Mwanangu si mzito

Jamani, hakuna kinachomuuma mama kama mwanawe kuitwa mzito. Desemba tulikwenda kwetu Tarime. Baba akamtuma mwanangu wa miaka 9 kufungia ndama, mtoto akaduwaa kidogo.

"Watoto wa siku hizi akili zimelala!" Mume wangu akacheka. Usiku mtoto akaniuliza, "Mama, mimi mjinga?"

Asubuhi nikachukua rula. Unaiachia, mwenzio anaidaka kwa vidole viwili. Ikishuka sentimita 20, ametumia kama sekunde 0.2. Mtoto akadaka kwenye 22, babu yake kwenye 27. Nikataka kushangilia, ila haikuwa haki, maana uzee hupunguza kasi. Kulinganisha vizazi, ingebidi babu naye awe alipimwa akiwa na miaka 9.

Ng'ambo ya mpaka wetu wa Sirari, huko Embu, Kenya, walipima hivyo, si kasi ya mikono bali mafumbo ya picha. Watoto wa miaka kama 7 walipewa mtihani mwaka 1984, na wengine wa umri huohuo mwaka 1998. Hawa wa pili waliwazidi wenzao. Watafiti walitaja lishe, wazazi kujua kusoma na familia kuwa ndogo.

Nikamsimulia baba. Akanyamaza, kisha akamsogezea mjukuu kikombe chake cha maziwa. "Kunywa, mzee mwenzangu."

Mume wangu naye aliniomba radhi. Shoga, usikubali mwanao abandikwe jina.