Taa Mbili za Njano, Ugonjwa Mmoja



Juma hili tunaomba mtuvumilie tukiwaletea jambo la gereji. Wengi wenu mnaendesha magari yaliyokwisha kutumika Japani kabla ya kufika kwetu, na wengi zaidi mnapanda magari ya watu wengine. Kwa makundi yote mawili, taa ndogo za njano zilizo mbele ya dereva zinahusu uhai.

Mojawapo ni ile yenye herufi ABS. Mfumo huo, ambao kampuni ya Bosch iliuingiza sokoni mwaka 1978 katika magari ya Mercedes-Benz, huzuia magurudumu yasikwame dereva akanyagapo breki kwa nguvu. Gurudumu lililokwama huburuzika tu, na magurudumu ya mbele yakiburuzika, gari halitii tena usukani. Kwa hiyo kila gurudumu huwekewa sensa inayosoma mzunguko wake na kuipasha habari kompyuta. Kompyuta ikiona gurudumu moja linataka kusimama kabla ya mengine, hulegeza breki yake na kuikaza tena, mara kadhaa katika sekunde moja. Ndiyo maana pedali hutetema chini ya mguu.

Taa ya pili, yenye picha ya gari linaloteleza, ni ya mfumo unaozuia magurudumu yasizunguke bure matopeni. Mfumo huo husikiliza sensa zilezile za ABS. Basi waya wa sensa moja ukikatika, taa zote mbili huwaka kwa pamoja, na mwenye gari hudhani amepata maradhi mawili.

Ndivyo ilivyolipata gari la parokia yetu masika iliyopita. Gari hilo hutupeleka vigangoni, na usiku huwateremsha wagonjwa na mama wajawazito hadi hospitali kwa njia ya mlimani yenye kona kali na utelezi. Fundi wa kwanza alitushauri tung'oe taa hizo ili zisitusumbue. Wa pili, bila kupima chochote, alisema pampu nzima ya ABS imekufa, akataja bei ambayo ingemeza sadaka za miezi mingi. Mashauri yote mawili tuliyakataa. Wa tatu, mzee wa maneno machache, alianza kwa kuuliza: taa ziliwaka lini, baada ya kazi gani, na je, taa nyekundu ya breki nayo inawaka?

Swali hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Taa ya njano ya ABS ikiwaka bila ile nyekundu, kwa kawaida breki zenyewe zingali zinafanya kazi, ila magurudumu yaweza kukwama. Dereva apunguze mwendo, aache nafasi kubwa mbele yake, na asikawie kwenda kwa fundi. Taa nyekundu ikiungana nayo, asimame mahali salama wala asiendelee na safari, maana huenda mafuta ya breki yamepungua au nguvu ya breki haigawanyiki sawasawa. Lakini taa ya utelezi ikipepesa kidogo gari linapopita matopeni, hiyo si kasoro. Mfumo uko kazini.

Mzee yule alikagua kwanza vitu vya bei ndogo: mafuta ya breki, nguvu ya betri, fyuzi, na kama matairi yote manne yana ukubwa mmoja, kwa kuwa tairi dogo huzunguka upesi zaidi na kuidanganya kompyuta. Kisha akaunganisha kifaa cha kupimia, akitueleza kwamba vingi vya bei rahisi husoma injini tu na havifiki kwenye ABS. Kikatoa namba ya sensa ya gurudumu la nyuma, upande wa kulia. Kijana wake alitaka kuagiza sensa mpya papo hapo. Mzee akamzuia: namba hiyo huonyesha mahali pa kutafuta, haisemi cha kununua. Yaweza kuwa sensa, yaweza kuwa waya au plagi yake, matope na vumbi la chuma vilivyoganda, pete ya meno iliyopasuka kwa kutu, au beringi mpya iliyofungwa kinyume, upande wake wenye sumaku ukiwa mbali na sensa.

Tukaliendesha gari polepole huku kijana akitazama kifaa. Magurudumu matatu yalisoma kilomita 15 kwa saa. La nne lilisoma sifuri. Mzee akalinyanyua gari, akaufuata waya kwa vidole, akakuta kibanio kimevunjika na waya umesuguliwa na chuma hadi ukakatika. Akauunga, akaufunika usiingie maji, akaufunga mbali na chuma. Namba ikafutwa, tukaenda mwendo kidogo, taa zote mbili zikazimika. Gharama haikufikia hata bei ya tairi moja.

Nanyi mnaponunua gari, washeni swichi kabla ya kuwasha injini. Taa hizi lazima ziwake kwa sekunde chache, kisha zizimike. Hapo mfumo unajipima. Ile isiyowaka kabisa itilieni shaka, kwa maana huenda mtu ameing'oa ama kuiziba ili auze. Ukimya wa namna hiyo si afya.

Aliyeketi kiti cha nyuma haoni taa hizi. Mama anayeteremshwa hospitali usiku hajui kama breki za gari ni nzima. Amemwachia dereva amwangalilie. Kung'oa taa ni kumnyang'anya haki hiyo bila yeye kujua. Afadhali gari lisimame siku mbili kwa fundi anayepima, watu wakalalamika, kuliko liende limezibwa mdomo.