Mwendo wa Ng'ombe

Msomaji wangu, ziko nchi zijulikanazo kwa divai yake. Mgeni afikaye katika mashamba ya mizabibu ya Ufaransa, au hapa karibu nasi Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, hushauriwa asipite mbio. Huambiwa atembee kwa miguu kati ya mizabibu, alale kwa mkulima, aujue udongo, ndipo aonje. Kwa maana kinywaji hubeba ladha ya mahali kilikotoka. Kajiado haina sifa ya mizabibu. Hata hivyo, kinywaji chenye ladha ya nchi kipo, na mimi nilikikataa kabla sijajua ni kitu gani.

Nilipokuwa kijana nilisafiri mara nyingi kwa basi kutoka Nairobi hadi Namanga. Njia hiyo hupita Kitengela, Isinya na mji wa Kajiado. Nilidhani naijua nchi hiyo, kwa sababu nilikuwa nimeihesabu miji yake dirishani. Siku moja gurudumu letu lilipasuka mbele kidogo ya Isinya. Mama mmoja mzee, ambaye boma lake lilikuwa karibu na barabara, alinihurumia juani akaniletea kikombe cha maziwa. Nilisikia harufu ya moshi, nikadhani yameungua. Mara utingo akaita kwamba gari li tayari. Nikakiweka kikombe juu ya jiwe, kimejaa vile vile, nikakimbia. Nyuma yangu nilimsikia akisema, "Mwanangu, barabara imekupitisha, lakini nchi hujaifikia."

Maneno hayo yalinichoma kuliko matusi. Mvua zilipokwisha nilirudi, nikashuka Isinya, nikaenda kwa miguu kuomba radhi, nimechukua sukari na majani ya chai. Nilimwita Yeyo, kwa maana hivyo ndivyo Wamaasai wamwitavyo mama. Niliinamisha kichwa mbele yake, naye akanigusa utosini kwa kiganja, kama mdogo aamkiwavyo na mkubwa. Hakulitaja kosa langu. Aliniambia tu nifuatane na mjukuu wake machungani. Nilikaa siku tatu.

Ng'ombe hawajui haraka, na anayewafuata hulazimika kuona. Niliona udongo mweusi uliopasuka kwa jua, ambao mvua ikinyesha hushika miguu kama gundi. Niliona migunga mifupi yenye vinundu vyeusi, makao ya chungu wakali. Upepo ulipopita katika matundu ya vinundu hivyo, miti ilipiga mluzi. Nilikuwa nimepita mbele ya migunga ile miaka mingi, wala sikupata kuisikia. Kijana yule, mdogo kwangu kwa miaka mingi, alinifundisha kumjua kila ng'ombe kwa rangi yake, na kutambua kwa alama ya moto ni wa ukoo gani.

Jioni Yeyo alinionyesha siri ya moshi. Alichukua kijiti cha oloirien, yaani mzeituni wa mwitu, kilichowaka nchani, akakitia katika kibuyu kitupu na kukisugua ndani. Kisha alikisafisha kwa ufagio mdogo, ndipo akakamulia maziwa humo. Moshi huo husafisha kibuyu, huyakinga maziwa yasiharibike upesi, na huyapa ladha. Nilikunywa. Katika kikombe kile kimoja mlikuwa na majani niliyoyakanyaga mchana, mti niliouona ukiwaka, na mkono wa mtu niliyemdharau.

Usidhani, msomaji, kwamba nchi hiyo itakungoja siku zote. Hifadhi ya Taifa ya Nairobi ilipoanzishwa mwaka 1946, upande wake wa kusini uliachwa bila ua, ili nyumbu na punda milia wapate kwenda nyanda za Kitengela wakati wa mvua na kurudi wakati wa kiangazi. Baadaye ardhi ya jamii ikagawanywa, kila mtu akapata hati yake. Viwanja vikauzwa, nyumba na ua zikaota. Mwaka 2000 ulianza mpango wa kuwalipa wenye ardhi wa Kitengela ili wasiuze wala wasizungushe ua. Siwalaumu waliouza, kwani ada ya shule haingoji. Wala mji si dhambi. Lakini mwaka jana nilikwenda kuitafuta njia yetu ya machungani, nikakuta waya umeikata katikati.

Basi ukienda Kajiado, shuka garini. Amkia kwanza, uliza baadaye. Omba ruhusa kabla ya kuingia boma la mtu au kupiga picha. Ukipata mwenyeji wa kukuongoza, mlipe haki yake bila kumpunja. Kaa naye mahali pamoja siku tatu badala ya kupita mahali kumi kwa siku moja. Na mtu akikunyoshea kikombe chenye harufu usiyoizoea, kipokee kwa mikono miwili. Mimi nilipata bahati ya kuletewa cha pili. Yeyo hayupo tena, na sijui kama wewe utaletewa mara mbili.